Nyenga wa Ukumbini

Wewe ukiambiwa samaki wako wamelogwa, utaanza kupima maji au utaanza kumsaka mchawi?

Jibu kimoyomoyo. Ami Jabir wa Tibirinzi, mtu mwenye nyumba ya ghorofa na jina la kusogezewa nafasi msikitini, alianza na mchawi. Maji hata hayakumpitia akilini. Na mchawi mwenyewe hakwenda kumtafuta mbali. Alimchukua yule yule wa zamani, aliyekwisha kutumika, kama mtu anayetoa koti kabatini na kulikung'uta vumbi.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jumatano, jua la kawaida. Nusaiba alikuwa Unguja, kazini kwake kwenye kituo cha kuzalishia samaki, anahesabu vifaranga vya mwatiko huku anakunywa chai iliyokwisha kupoa. Simu ikalia.

"Nusaiba! Si weye ndiye nsomi wa samaki?"

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Nyenga wangu wanakufa."

Nyenga kila Mpemba anamjua: samaki bapa kama sinia, mkia mrefu kama henzirani, na mwiba wa sumu juu ya mkia. Ukimkanyaga majini utawataja wazee wako wote kwa majina. Lakini nyenga wa Ami Jabir hawakuwa wa baharini. Walikuwa wa maji matamu, wa mito ya Amerika ya Kusini, weusi tii wenye madoa meupe kama shanga, waliosafirishwa kupitia Dubai ndani ya mifuko iliyojazwa oksijeni. Akawajengea tangi la kioo ukumbini, refu kama kitanda cha besera, lenye mchanga laini chini, mashine ya kuchuja maji, hita, na jenereta yake peke yake umeme ukikatika. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. "Kisiwa kizima kimezungukwa na nyenga, yeye kaagiza ng'ambo! Tena wa kutazama, haliwi!"

"Walikuwa sita," alisema Ami Jabir. "Watatu washakufa. Na sababu naijua. Mamaako alikuja Idi, Sikukuu Mosi. Akasimama mbele ya tangi, akatazama wee, machozi yakamtoka. Hakusema mashaallah. Siku ya tatu, wa kwanza akafa."

"Ami, mama yangu ana miaka sitini na nne. Machozi yanamtoka hata akikata kitunguu."

"Ijumaa baada ya sala nimemwita Mzee Safari, nganga. Atamnyoa."

"Atamnyoa nini?"

"Uchawi. Nywele zote, mbele ya watu, na kuapa juu. Akikataa, ile nyumba ya Gando ni ardhi ya ukoo wetu. Atafute kwao."

Nusaiba aliweka kikombe chini taratibu, kwa sababu asingekiweka taratibu angekirusha.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema. "Nikikuonyesha kinachowaua, mama yangu haguswi."

Upande wa pili kulikuwa na kicheko kidogo, kile cha mtu aliyeshiba. "Njoo basi, nsomi. Njoo uone."

Hasira ya Nusaiba haikuanza siku hiyo. Ilimzidi umri. Juma lile alipozaliwa yeye, mama yake akiwa hospitali, ndilo juma alilokufa dada yake, Khairat, mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwa ami yake huyo huyo. Homa ya siku mbili, walisema. Mama alipotoka hospitali na kichanga mkononi, Khairat alikuwa keshazikwa. Kisha ukaja mnong'ono: mwili ulikuwa na alama za wachawi, na mchawi ni mama mwenyewe, kamtoa mkubwa ili apewe mdogo. Baba yake, Pandu, akamwamini kaka yake, akatoa talaka, akenda zake Mombasa, na huko akafia. Nusaiba akakua akiitwa mtoto wa kununuliwa. Skuli watoto walikataa kukaa naye dawati moja. Harusini mama yake akiingia jikoni, vyungu hufunikwa. Miaka ishirini na tisa vyungu vinafunikwa! Sasa msomaji niambie, mtu wa namna hiyo akipata digrii ya samaki, ataitumia kwa upole?

Alhamisi asubuhi alishuka na ndege ndogo, akapanda bodaboda hadi Tibirinzi, na sanduku lake la vichupa vya kupimia maji amelikumbatia kifuani.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Bi Mize, mke wa Ami Jabir, mwanamke mkimya, kucha zimekatwa hadi nyamani. Bi Mize ndiye muosha maiti wa mtaa mzima. Kwa miaka arubaini hakuna mwanamke wa upande ule aliyefika kaburini bila ya kupita mikononi mwake.

"Karibu, mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima, Bi Mize. Tangi liko wapi?"

"Ukumbini." Alionyesha kwa kidevu. Mwenyewe akabaki mlangoni. Ukumbi wa nyumba yake mwenyewe, na hakutia mguu.

Nusaiba aliingia akakaa mbele ya kioo. Nyenga watatu waliobaki walikuwa wamelala juu ya mchanga, mmoja mbele, wawili nyuma yake, wamejipanga. Nyenga hajipangi. Nyenga hujifukia mchangani, akaacha macho tu. Aliliandika hilo kwenye daftari, akaendelea na kazi.

Alichota maji kwenye bomba la mashine ya kuchuja, nje ya tangi, akapima amonia. Sifuri. Akapima naitraiti. Sifuri. Akapima joto, chumvi, uchachu. Akakagua mashine ya kuchuja, akainusa sponji yake, akatazama hita kama inavuja umeme. Akarudia vyote tangu mwanzo, kwa vichupa vipya. Maji yalikuwa mazuri kuliko ya kunywa.

"Waliokufa mmewatupa?"

"Wamo kwenye friza," alisema Bi Mize kutoka mlangoni. "Jabir kakataa watupwe. Anataka nganga awaone."

Aliwatoa mmoja mmoja, akawaweka juu ya sinia. Wote watatu hawakuwa na mikia. Imekatika kwenye shina, pasafi, kama imepitiwa na wembe.

"Mikia iko wapi?"

"Haikuonekana."

"Haikuonekanaje? Tangi lina kifuniko. Kifuniko kina kufuli."

"Ufunguo anao Jabir shingoni. Tumechekecha mchanga wote. Haikuonekana, mwanangu."

Akawageuza. Migongoni walikuwa na michirizi. Si majeraha ya meno. Nyenga dume humng'ata jike, na Nusaiba aliyajua meno hayo. Hii ilikuwa mirefu, myekundu, imevimba pembezoni. Inakwenda upande mmoja. Kama iliyopigwa na mkono wa kulia.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Ami Jabir alipita ukumbini na kanzu yake iliyopigwa pasi ikasimama wima, ufunguo mdogo ukining'inia kwenye uzi shingoni. "Umeshaona, nsomi?"

"Bado napima."

"Pima, pima." Akatoka kwenda msikitini, kicheko kikimfuata.

Nyumba ikatulia. Saa saba mchana, jua la utosi, hata jogoo wa jirani amenyamaza. Mashine ya kuchuja maji ilikuwa inanguruma kidogo. Kisha Nusaiba akagundua kwamba haingurumi tena. Taa yake ilikuwa inawaka. Maji yalikuwa yanazunguka. Sauti tu ndiyo iliyoondoka.

Nyenga watatu wakainuka kutoka mchangani.

Walikuja moja kwa moja hadi kwenye kioo, wakajibandika, wakaonyesha matumbo. Tumbo la nyenga ni jeupe, na mdomo na pua zake ziko huko chini, kwa hiyo akipanda kiooni unaona uso. Kila mtu anajua ni mdomo tu na tundu mbili. Watoto hucheka wakiuona. Nusaiba aliwahi kuucheka mara mia.

Mdomo wa kwanza ukafunguka, ukafunga.

Wa pili.

Wa tatu.

Kisha yote pamoja. Wazi. Funga. Wazi, wazi, funga. Kituo. Tena. Haikuwa pumzi. Pumzi haina mkazo. Hii ilikuwa na mkazo mahali pake na kituo mahali pake, na vichwa vile bapa vilikuwa vinayumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama vinavyoyumba vichwa vya watoto waliokaa mkekani na msahafu kwenye marufaa.

Wanasoma, aliwaza. Akajikaripia. Samaki hawasomi.

Lakini midomo yake mwenyewe ilikuwa inacheza. Alikuwa anawafuatisha. Alikuwa anaijua sura ile, na alijua aya gani inafuata.

Yule wa mwisho akakosea.

Mdomo wake ulibaki wazi wakati ya wenzake imefunga. Wale wawili wakanyamaza. Wakajibandua kwenye kioo, wakarudi chini, wakampa mgongo. Yeye akabaki pale peke yake, uso mdogo mweupe, mdomo wazi.

Akashtuka mwili mzima. Akashtuka tena. Na tena.

Hakuna kilichomgusa. Kila alipokuwa anashtuka, maji hayakutikisika hata kidogo.

Mashine ikaanza kunguruma.

Nusaiba aligeuka. Bi Mize alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mkono kinywani, macho yamemtoka. Alikuwa ameona. Tena hakuwa na sura ya mtu anayeona kwa mara ya kwanza.

*

Alasiri ilimkuta Gando. Mama yake, Bi Mwanawema, alikuwa kibarazani anachambua mchele, miwani imeshikiliwa na uzi.

"Wambaje, mwanangu? Wamekwambia nanyolewa?"

"Hunyolewi, mama."

"Waache wanyoe. Nywele zenyewe zimebaki saba. Watanipunguzia kazi ya hina." Akapepeta ungo. Kisha mkono ukasimama. "Ila kuapa siapi. Niape kwamba nimemla mwanangu na sasa nimeacha? Hilo halinitoki hapa." Akaugusa mdomo.

Nusaiba alikaa chini karibu naye. "Mama, ile Sikukuu Mosi ulilia nini mbele ya tangi?"

Bi Mwanawema alichambua chuya mbili, akazitupa uani.

"Nyumba ile ya zamani, kabla Jabir hajaivunja akajenga lile ghorofa, ukumbi ulikuwa pale pale. Na mwanangu alikoshwa ukumbini. Walichimba ufuo wa kupokea maji ya josho. Mie nimefika kutoka hospitali, naumwa, weye unalia, nikakuta ufuo umeshafukiwa. Udongo mbichi, urefu wa ntoto. Hicho ndicho nilichokiona cha Khairat, udongo." Akavua miwani. "Sasa nimeingia Sikukuu na sahani yangu ya visheti, nakuta pale pale pana kioo, kimelala vile vile, na ndani yake maji. Nsingelia?"

"Na Khairat alikuwa anafanya nini nyumbani kwa Ami Jabir?"

"Si alikuwa chuoni! Jabir alikuwa bado maskini wakati ule, akisomesha watoto Kurani pale ukumbini. Mie nilipokwenda kujifungua nikamwacha Khairat kwao, asome, alale. Alikuwa ntoto mzuri lakini sura hazimkai kichwani. Akifika katikati, anasahau."

Nusaiba alimkumbuka yule nyenga wa mwisho, mdomo wazi.

"Na wakikosea, alikuwa anawapiga kwa kitu gani?"

Bi Mwanawema alimtazama mwanawe kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Kwa mkia wa nyenga. Kila chuo kilikuwa na wake, umekaushwa, umetundikwa ukutani. Hata mie nimepigwa nao utotoni. Unakata kama kisu."

Bi Mwanawema aliutua ungo chini.

"Mama. Hukuwahi kufikiri?"

"Nimefikiri miaka ishirini na tisa, mwanangu. Nini nimefanya zaidi ya kufikiri? Lakini aliyeuona mwili ni muosha. Na muosha kasema ni wachawi. Weye ungemwamini nani? Muosha, au mwanamke anayeambiwa ndiye nchawi mwenyewe?"

*

Ijumaa asubuhi yule nyenga aliyekosea alikuwa amekufa. Mgongo una michirizi. Mkia hauko. Kufuli limefungwa.

Nusaiba alimfuata Bi Mize jikoni. Alikuwa anakosha mikono. Mikono ilikuwa misafi, sinki lilikuwa safi, na bado alikuwa anakosha.

"Bi Mize. Dada yangu alikuwa na nini mgongoni?"

Maji yaliendelea kutiririka.

"Muosha hasemi alichokiona," alinong'ona. "Maiti ana sitara yake. Tumekatazwa. Ukiona kizuri useme, ukiona kibaya umfichie. Ni amana."

"Umfichie nani?"

"Maiti."

"Maiti! Si aliyemfanya maiti!" Nusaiba alikuwa ameinua sauti, akaishusha kwa nguvu, meno yameumana. "Na isitoshe wewe hukunyamaza. Wewe ulisema. Ulisema alama za wachawi. Sitara hiyo ni ya nani, Bi Mize? Hebu nifundishe, mimi nimesoma samaki tu."

Bi Mize alifunga mfereji. Mikono ilikuwa inadondosha maji sakafuni.

"Nina watoto sita na yule bwana," alisema. Akatoka.

Watu wamezoea kuita hiyo hekima. Kunyamaza, kustahi, kusitiri. Nusaiba alisimama pale jikoni akaona kwamba amebakiwa na saa nne, hana ushahidi wa kitu chochote, na maji ni mazima. Na yeye, aliyewahi kumfelisha mwanafunzi wa mazoezi kituoni kwake kwa kubuni tarakimu moja, akaamua kusema uongo.

Alimkuta Ami Jabir ukumbini, mkia wa tasbihi mkononi. "Ni amonia," alisema. "Imepanda mno. Mashine yako haichuji. Hakuna mchawi."

Ami Jabir alitabasamu. Akanyoosha mkono, akachukua kichupa kimoja kwenye sanduku lake, akakiinua kwenye dirisha. Njano safi. Akachukua ile karatasi ya rangi, akailinganisha polepole, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Njano ni sifuri," alisema. "Mie nami nafuga, Nusaiba. Nami najua kusoma rangi." Akakirudisha kichupa mahali pake. "Kwa hivyo maji ni mazima. Na nsomi mzima kaongopa ili amfichie mamaake. Ahsante. Nitawaambia watu."

*

Na aliwaambia. Baada ya sala ya Ijumaa watu walijaa ukumbini mpaka barazani, majirani, wa ukoo, na wasiohusika ambao ndio hufika mapema zaidi. Bi Mwanawema alikuwa amekalishwa mkekani, kichwa wazi, nywele zake chache nyeupe zimesukwa mikia miwili kama za mtoto. Mzee Safari, mganga wa kuja, alikuwa amepiga magoti nyuma yake na wembe mpya, bado anatoa karatasi yake. Nusaiba alikuwa ameshikwa na shangazi wawili, huyu mkono huu, huyu mkono huu.

"Tulia, mwanangu, tulia," mmoja alimnong'oneza. "Nywele huota."

"Zako ungekubali zinyolewe?"

Ami Jabir alisimama mbele ya tangi, mgongo kwenye kioo, kanzu yake nyeupe inameta. Nyuma yake nyenga wawili wa mwisho walikuwa wamelala mchangani.

"Jamaa zangu," alianza. "Mnajua mie si ntu wa fitina. Lakini nyumba hii imeonewa. Mara ya kwanza kaliwa ntoto. Tukastahamili. Na leo hata viumbe wasio na ulimi—"

Akageuka nusu, kama mtu aliyeguswa begani.

Hapakuwa na mtu. Akakohoa, akaendelea. "Hata viumbe wasio na ulimi hawakusalimika. Na huyu binti kapima maji mwenyewe—"

Aliposogea ndipo walio kando wakaona. Kwenye kanzu, kuanzia bega la kulia kushuka hadi ubavu wa kushoto, palikuwa na mstari wa maji. Mwembamba. Mnyoofu. Kama uliochorwa kwa rula.

Ukaja wa pili chini yake.

Hapakuwa na mlio. Hilo ndilo alilolisimulia baadaye kila mtu kwa namna yake: hapakuwa na mlio wowote. Kitambaa kilikuwa kinazama kidogo, kinagandamia ngozini, na mstari unabaki.

Wa tatu. Wa nne.

"Nini mnatazama?" alisema Ami Jabir. Sauti ilikuwa imepungua. "Semeni mnatazama nini!"

Wa tano.

Nyenga wawili walikuwa wamepanda kiooni, nyuma yake kabisa, nyuso nyeupe mbili. Midomo inafunguka. Inafunga. Kituo. Mtoto mmoja barazani akaanza kulia, na mamaye akamziba kinywa.

Mzee Safari aliweka wembe chini kwa adabu. Akainuka, akapita katikati ya watu bila ya kumkanyaga mtu, akatokea mlango wa jikoni. Viatu vyake aliviacha.

Wa nane. Wa tisa. Ami Jabir alikuwa ameshika meza. Hakulia, hakuomba radhi, hakusema astaghfirullah. Alikuwa anawatazama watu wote mmoja mmoja kwa hasira, kama waliomkosea adabu.

Shangazi waliomshika Nusaiba walikuwa wamemwachia zamani. Akasogea. Ndipo aliposikia, karibu na sikio lake, mnong'ono wa mtu anayehesabu.

Bi Mize alikuwa amesimama ukumbini. Ndani, si mlangoni. Macho ameyafumba. Hakuwa anaiona kanzu ya mumewe hata kidogo.

"Kumi na moja," alinong'ona. Na mstari wa kumi na moja ukatokea. "Huu umepita juu ya kitonge cha bega. Kumi na mbili. Huu umekatia kwenye uti." Na ukapita kwenye uti wa mgongo. "Bado saba."

Nusaiba alimshika kiganja. Kilikuwa baridi, kimerowa. "Bado saba nini, Bi Mize?"

"Kumi na tatu. Kumi na nne."

"Umejuaje ni saba?"

Ami Jabir alipiga magoti. Mgongo wote wa kanzu sasa ulikuwa mistari, na katikati ya mistari chembe za mchanga mweupe zilikuwa zinang'aa, mchanga laini, mchanga wa tangini. Kumi na sita. Kumi na saba. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Bi Mwanawema peke yake ndiye aliyekuwa ametazama kwingine. Alikuwa amegeuka mkekani, anamtazama Bi Mize, hatikisiki, hapepesi macho.

Kumi na nane.

Kumi na tisa.

Ikakoma.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Tangi! Tazameni tangi!" Nyenga wawili hawakuwamo. Maji yalikuwa safi, yametulia, kifuniko juu, kufuli mahali pake, na ufunguo bado uko kwenye shingo ya mtu aliyepiga magoti. Mchanga chini ulikuwa umesawazishwa vizuri, na katikati yake palikuwa na bonde dogo refu, urefu wa mtoto wa miaka tisa.

Bi Mize alifumbua macho. Alipita mbele ya mumewe bila ya kumtazama, akaenda kukaa mkekani, chini, uso kwa uso na Bi Mwanawema. Akauokota wembe, akaukunja ndani ya karatasi yake. Kisha akaanza kunong'ona, na Bi Mwanawema akatikisa kichwa.

"Kwa sauti," alisema Bi Mwanawema. "Ulivyosema siku ile, kwa sauti."

Bi Mize aliinua kichwa. Ilisikika hadi barabarani.

"Nilimkosha mie. Ilikuwa michapo kumi na tisa, ya mkia wa nyenga, wa Jabir, niliokuwa nikiufuta damu kila Alhamisi nikautundika. Niliihesabu kwa vidole. Nikafunga sanda, nikatoka nje, wanawake wakaniuliza ntoto kapatwa na nini. Hakuna aliyenituma, Mwanawema. Hata Jabir hakunituma. Mie ndiye niliyesema wachawi, na walipouliza nchawi gani, jina lako nililitaja mie."